Mma Sebego Anastaafu, Wazee wa Mosetlheng Hawastaafu

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, Mma Keneilwe Sebego anavua gauni la buluu la Kituo cha Wazee na Walemavu cha Mosetlheng. Amelivaa miaka ishirini na saba. Si hilo moja, jamani, ameshachakaza mengi. Cheo chake ni mhudumu wa majumbani, maana yake anakwenda nyumba kwa nyumba kuogesha, kugeuza wagonjwa, kupika uji wa mtama, kukata kucha, na kugombana. Kugombana hakuna aliyemtuma, lakini ndiko alikofanyia kazi kubwa kuliko zote.

Alianza kama mfagiaji. Wakati ule msaada wa chakula uligawiwa ofisini kwa halmashauri, ukifika unapata. Siku moja aliweka ufagio chini akauliza, "Na wale wasioweza kufika?" Akajibiwa, "Asiyekuja hana shida." Mma Sebego hakubishana, na nadhani hiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kutobishana. Alipotoka kazini alipita kwenye nyumba za wasiokuja. Alimkuta bibi kipofu anatafuna unga mkavu kwa sababu alikuwa anaogopa kuwasha moto. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa, mpaka halmashauri ikaona aibu ikamwajiri kwa kazi ambayo tayari alikuwa anaifanya.

Sisi wenzake wa kituoni tunamjua. Akisimama langoni kupiga hodi, kuku wa nyumba ya tatu wanakimbia. Maandazi yako ukiyaacha mezani, usiulize yamekwenda wapi. Huruma yake nayo haina sauti laini. Mzee Rra Mokgosi, yule aliyekuwa mchimba visima, alipooza upande mmoja na ulimi ukawa mzito. Wengine tukienda kumsaidia siku moja moja, tulikuwa tunamwogesha kimya kama tunaosha maiti, Mungu atusamehe. Mma Sebego anaingia na beseni lake anapaza sauti, "Rra, bwana wangu, leo unanuka kama beberu! Beberu wa nani wewe?" Mzee anahangaika na mdomo, anahangaika, sisi tunasubiri, mwisho linatoka: "Wa... ko." Mma Sebego alicheka mpaka akakaa kwenye maji. Tangu siku hiyo nasi tukajifunza kumwongelesha Rra Mokgosi na kumsubiri ajibu.

Halafu tukajengewa kituo kipya. Kizuri, vioo, rangi ya malai, juu kilimani karibu na ofisi za wakubwa. Kina ngazi. Narudia kwa aliyekaa nyuma: kituo cha walemavu, na mlango wake unaufikia kwa ngazi. Siku ya kukifungua, utepe ulikatwa juu, na wenye viti vya magurudumu waliachwa chini juani, wameshikishwa soda. Mma Sebego alitazama juu akasema, "Wametujengea mbinguni. Tutaingia tukishakufa."

Mwaka jana, kabla ya mvua, halmashauri ikasema huduma ya majumbani iishe, kila anayetaka msaada apande huko juu. Kwetu jambo kama hilo halipiti mpaka lisemwe kwenye kgotla, barazani mbele ya chifu, watu wote wakisikia. Wakaitisha kgotla. Wanaoweza kutembea ndio wangefika, na asiyefika huhesabiwa kwamba amekubali.

Mma Sebego akaenda kwa wenye mikokoteni ya punda, wale wauza kuni. Mmoja akamwambia, "Mma, punda wangu wamechoka." Akamjibu, "Nawe utachoka, halafu hao punda hawatakuja kukuogesha. Funga mkokoteni!" Asubuhi ile wazee waliingia kwenye kgotla juu ya magodoro, wamefunikwa mablanketi, bibi mmoja amevaa kofia yake ya kanisani. Diwani wetu, Rra Ditiro, akasimama.

"Mma Sebego, hii ni nini? Maandamano?"

"Hapana, Rra. Mlisema wazee wamekubali. Nimewaleta wakubali."

Rra Mokgosi akanyanyua mkono mzima, akaomba kusema. Nanyi mnajua mila: kwenye kgotla anayesema hakatizwi, awe tajiri awe mlevi, kwa sababu, kama wasemavyo wazee wetu, kila neno la kgotla ni zuri. Mzee akaanza. "Mi... mi..." Jua likapanda. Watu wakatazama chini. Rra Ditiro akashindwa kuvumilia, akasema, "Nadhani mzee anataka kutushukuru kwa—"

Chifu hakugeuza hata shingo. "Kaa, Rra. Hajamaliza."

Akakaa. Rra Mokgosi akaendelea, neno kwa neno, na katikati ya neno na neno mtoto angeweza kunyonya akashiba. Alichosema ni hiki: "Mimi nilichimba visima. Mnakunywa maji yangu. Nani ataniogesha kwa maji yangu?" Basi. Alianza kivuli cha uzio kikiwa kirefu, akamaliza kimekwisha. Chifu akafunga kikao. Huduma ya majumbani ikabaki.

Ningependa kuishia hapo. Nimeambiwa sherehe ya Ijumaa hii iwe ya furaha. Lakini wiki iliyopita, kwenye chai ya kumuaga, Rra Ditiro alisimama akasema, "Mma Sebego hana mfano. Hatuwezi kumpata mwingine kama yeye." Tukapiga makofi. Tukapiga vigelegele kabisa! Tulikuwa tunaosha vikombe ndipo tukaelewa: hakuna anayetafutwa. Nafasi yake, ambayo ndiyo pekee ya majumbani, inaondoka naye. Walichoshindwa kukipitisha mbele ya watu wanakipitisha kwa mlango wa nyuma, nacho wamekifunika kwa sifa za mama wa watu.

Tulipomweleza, alikasirika mpaka chai ikamwagika. "Mimi sina mfano kwa lipi? Nina mikono miwili na sabuni! Wenye mikono miwili wameisha mji huu?"

Hawajaisha. Nasema hivi nikiwa na mtoto mgongoni, na najua mtoto halali njaa kwa sababu mama yake amesifiwa. Mzee naye ni hivyo hivyo. Anaamka na kiu, anaamka amelowa, na hajali kama aliyestaafu alikuwa na mfano au hakuwa nao. Tangu baridi ianze, Mma Gorata, dobi wa kituo, na mimi tumekuwa tukizunguka na Mma Sebego baada ya kazi, tukijifunza kumgeuza mtu mzito bila kumuumiza, na kumpigia kelele bila kumvunjia heshima. Jumatatu tutaanza zamu zake, kwa nguo zetu wenyewe. Tunafanya hivyo ili wazee wasilale na uchafu, si ili halmashauri ipumzike. Tumeshamwomba chifu kgotla, na amekubali. Rra Ditiro atatuambia pale, kwa mdomo wake, ni nani anayeajiriwa na lini. Hatutamkatiza.

Mma Keneilwe Sebego, asante. Umetufundisha kuona haya, na kutoona haya inapobidi. Sasa lala mpaka jua likuchome miguu. Kula maandazi yako mwenyewe. Gombana na wajukuu tu. Uishi sana, uzeeke vizuri, na siku magoti yako yatakapogoma, afike mtu mlangoni kwako na maji ya moto.

Na hilo la mwisho, Rra Ditiro, si dua. Tunalidai.