Paa la Bila Risiti

Benchi la Tasia liko kona ya mtaa wa Kyriotissa, mjini Veria, limeegemea ukuta wa mkahawa wake, na kwa miaka mingi limebeba wanaume wanaojua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Asubuhi ile ya Oktoba walikuwapo wale wale. Wakili, ambaye hajawahi kuwa wakili hata siku moja. Alikuwa bawabu wa mahakama, akasikia kesi hadi akajipa cheo. Mjerumani, aliyekula ujana wake kiwandani Stuttgart akarudi na pensheni na kofia. Redio, anayetangaza hata asichoulizwa. Na Zisis, ambaye kijiwe kinamwita Posta kwa sababu alibeba barua za mji huu mpaka magoti yakamgomea. Aliyekosekana ni Stergios, fundi paa. Ijumaa Stergios alianguka kutoka juu ya paa la Zisis. Mgongo umevunjika, miguu haisikii kitu, na madaktari wakiulizwa kama atatembea tena wanatazama dirishani. Kazi yenyewe ilikuwa bila risiti. Ndiyo maana siku hiyo hakuna aliyegusa dadu, na Zisis alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili kama mtu mwenye homa.

– Jamani, kesho mtu wa bima anafika hospitali, Wakili alianza, sauti chini, kana kwamba bado yuko pale mlangoni pa mahakama. Atauliza swali moja tu. Stergios alikuwa kazini au hakuwa kazini?

– Alikuwa juu ya vigae na nyundo mkononi, Tasia alisema akiweka kahawa mezani. Labda alikuwa anasali.

– Tasia, mama, hebu tuachie. Hii ni sheria.

– Haya, sheria. Semeni.

– Ikiwa aliumia kazini, bima wanamlipa mpaka anaingia kaburini. Ikiwa hakuwa kazini, wanaangalia michango aliyowalipa. Na michango ya Stergios, nyote mnajua, ina matundu mengi kuliko paa la Posta.

– Si basi alikuwa kazini? Mjerumani aliuliza. Imekwisha hiyo.

– Haijakwisha, bwana! Kazini kwa nani? Akisema kazini, wa bima anamwita wa kodi. Wa kodi anagonga kwa Posta: mzee wangu, fundi ulimwita wewe, risiti iko wapi? Kodi ya ongezeko la thamani iko wapi? Kibali kiko wapi? Jukwaa la mafundi liko wapi? Hapo inashuka faini, na si faini ya kuchekea. Pensheni ya kubeba barua haiiwezi. Wataikamata nyumba.

Neno nyumba lilimfanya Zisis aweke kikombe chini. Alizaliwa mle. Domna, mkewe, alifia mle, kwenye chumba cha mbele, kile ambacho dari yake ilianza kuvuja mwaka huu. Ni kwa ajili ya chumba hicho alimwita fundi.

– Mimi nauliza tu, Mjerumani alisema. Nani alisema iwe bila risiti? Maana kule Stuttgart...

– Usituletee Stuttgart!

– Nauliza tu. Ni nani?

– Nani, nani! Redio alidakia. Mtu na rafiki yake walielewana. Stergios ni fundi safi, na wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete.

– Pete gani? Tasia alimgeukia. Amevikwa chuma kiunoni. Nyamaza, Redio, kabla sijakumwagia.

Redio akanywa funda la kahawa.

Zisis alikumbuka vizuri sana ni nani alisema. Stergios alipanda, akatazama, akashuka, akafuta mikono kwenye suruali, akauliza kama anavyouliza kila fundi wa mji huu, kama vile mtu anavyoulizwa kahawa ya sukari au chungu: na risiti au bila risiti? Na risiti, bei inapanda karibu robo nzima, hiyo ni ya serikali. Na zaidi ya hapo kuna jukwaa la vyuma la kusimamia mafundi, maana kazi ya risiti ni kazi ya kibali, na kazi ya kibali husimamishiwa jukwaa. Bila risiti, jukwaa halifai. Jukwaa linasimama barabarani linamwita kila mwenye macho, akiwemo mkaguzi. Kwa hiyo bila risiti ni ngazi na kamba, na kufanya haraka. Zisis ndiye aliyesema, bila, bwana, sisi si watu wa benchi moja? Na Stergios akacheka, akasema haya, ngazi inatosha.

Walipoikwepa kodi ile, walilikwepa na jukwaa. Jambo hili Zisis alilielewa usiku wa Jumamosi.

– Tuseme alianguka kwake, Mjerumani alisema. Kwenye paa lake mwenyewe.

– Paa lipi? Stergios anaishi ghorofa ya pili, na juu yake kuna familia tatu.

– Basi shambani kwa binamu yake. Alikuwa anachuma pichi.

– Oktoba? Pichi za Oktoba umeziona wapi, Mjerumani? Umesahau kwenu?

– Alikuwa anapogoa.

– Na mti wa pichi una urefu gani? Wakili alisimama, akapima kwa mkono mpaka kwenye kofia ya Mjerumani. Mtu wa kuvunja uti wa mgongo akianguka hapa ni mtu wa kioo. Daktari atacheka.

– Ninayo! Redio alipiga goti. Korongo!

– Nini?

– Korongo ana kiota juu ya bomba la moshi la Posta. Hakika, mimi nimekiona. Tuseme kifaranga alikwama, na Stergios kwa huruma yake akapanda kumwokoa. Magazeti yatamwandika! Bima wataona haya kumnyima. Na mwenye pupa hadiriki kula tamu, sasa serikali itakuwa na pupa gani kwa mtu aliyeokoa korongo?

– Korongo wameondoka Agosti, Tasia alisema. Wako Afrika sasa hivi, wanapumzika kutokana na maneno yako.

Hata Zisis alitaka kucheka, akajizuia. Stergios alikuwa amelala chali hospitali kilomita chache kutoka hapa, na wao wanatafuta ndege wa kumsingizia.

– Posta, na wewe sema neno, Mjerumani alimwambia. Mambo ni yako.

– Sina neno.

– Unamwonea, Wakili alisema. Mtu ameshikwa na jambo zito. Tumfikirie sisi. Akaketi, akakunja mikono, na uso wake ukawa kama uso wa hakimu anayetoka chumba cha nyuma. Sikilizeni. Uongo mzuri ni ule uliokaribia ukweli. Alianguka kwa Posta, hilo hatulikatai. Majirani walimwona pale chini. Ila hakwenda kufanya kazi. Alikwenda kumtembelea mwenzake.

– Kumtembelea?

– Kama mgeni. Wamekaa, wamezungumza, Posta akalalamika kuhusu dari, Stergios akasema hebu nichungulie. Kwa wema tu. Akapanda, akateleza. Hakuna kazi, hakuna risiti, hakuna kodi. Urafiki hautozwi kodi.

– Bado, Tasia alisema. Ngoja serikali ikusikie.

– Mgeni njoo, mwenyeji apone! Redio alipiga kelele, na safari hii kwa furaha alimpiga Mjerumani begani mpaka kofia ikamsogea. Si wahenga walisema? Mgeni njoo, mwenyeji apone!

– Mwenyeji kapona, Tasia alisema taratibu. Na mgeni je?

– Mgeni tutamchangia, Wakili alijibu haraka. Benchi zima. Na kanisani tutapitisha sahani. Mbona hata yeye inamfaa? Akisema kazini, na yeye atatozwa faini, watamnyang'anya leseni.

– Leseni ya kupanda mapaa? Kwa miguu ipi?

Lakini ule uongo ulikuwa umeshaketi nao benchini, na kila mmoja alianza kuuvika nguo. Mjerumani alisema mgeni alifika kama saa nne, ndio wakati wa kutembeleana. Redio alisema walizungumzia mpira. Wakili alisema nyundo ilikuwa ya Posta, aliiazima pale pale. Zisis aliwasikiliza, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, na kwa kutulia huko akajichukia. Kumbe ndivyo mtu anavyookoka, alijiambia. Anakaa kimya, wenzake wanamjengea.

Vaya, mke wa Stergios, alitokea wakati huo huo akitoka upande wa kituo cha basi. Alibeba mfuko wa hospitali, soksi za mumewe zikichungulia juu. Wanawake hawana desturi ya kuja kwenye benchi lile, na wanaume wote wakasimama kwa pamoja, hata Redio.

– Karibu, shemeji. Pole sana. Kaa hapa.

– Nimekaa sana tangu Ijumaa. Nitasimama.

– Anaendeleaje?

– Anauliza kama mvua imenyesha. Anasema safu ya juu hakuifunga, maji yataingia kwa Mzee Zisis.

Zisis alitazama viatu vyake.

– Kesho wanakuja wa bima, Vaya aliendelea. Stergios ananiambia niseme atakalosema Mzee Zisis. Amekataa kusema lolote kabla yake. Kwa hiyo nimekuja kuuliza. Tuseme nini?

Zisis alifungua mdomo. Wakili akamtangulia, akaweka mkono kifuani, akamweleza yote kwa upole: ile ziara, yale mazungumzo, dari, wema, kuteleza. Alisema vizuri, kwa kweli. Alisema ni kwa faida ya wote, na kwamba sahani itapita kanisani. Vaya alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza hata mara moja. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini makavu.

– Kwa hiyo alikwenda kama mgeni, alisema.

– Kama mgeni, shemeji. Haswa.

– Sawa. Akahamishia mfuko mkono wa pili. Mlimkaribisha nini?

– Samahani?

– Mgeni alifika asubuhi, akakaa, akazungumza. Mtu wa bima ataniuliza, na mimi mwenyewe nataka kujua. Mlimpa nini?

Katika mji ule, hata mkaguzi wa kodi akibisha mlango hukaribishwa. Huletewa kijiko cha matunda yaliyopikwa kwa sukari kwenye kisahani, glasi ya maji baridi, kisha kahawa, na akikataa huwa ametukana nyumba. Maskini asiye na kitu hukimbia kuazima kwa jirani. Swali la Vaya hata mtoto angelijibu. Wakili alimtazama Mjerumani, Mjerumani akatazama kofia yake mkononi. Redio, ambaye hajawahi kukosa la kusema mbele ya watu tangu abatizwe, aliinama kufunga kamba ya kiatu.

Tasia alisimama mlangoni na kitambaa chake. Hakumsaidia mtu.

Zisis aliiona tena Ijumaa ile yote. Ngazi ukutani, jua kali bado, Stergios juu na shati limemganda mgongoni. Stergios alimwita kutoka juu, Posta, una maji hapo? Na yeye, kofia ameshavaa, dadu zinamngoja huku benchini, alinyoosha mkono akasema bomba liko uani. Akaondoka. Alikuwa amekaa hapa hapa, kwenye ubao huu huu, anashinda mchezo, wakati jirani aliyekuwa anaanika nguo alipopiga yowe.

– Sikumpa kitu, Vaya, alisema.

– Posta, Wakili alinong'ona, angalia unalosema.

– Aliniomba maji. Nikamwonyesha bomba, nikaja kucheza. Stergios hakuwa mgeni. Nilimwita kazini mimi. Na bila risiti nilisema mimi, yeye aliniuliza tu.

– Watachukua nyumba, Redio alisema, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ndogo.

– Huenda wakaichukua.

Zisis aliogopa alipolisema, aliogopa sana. Lakini hakulirudisha. Alivua kofia, akasimama mbele ya mke wa rafiki yake kama mtu aliyeitwa mahakamani.

– Mtu huyo anakuja saa ngapi?

– Saa tatu, Vaya alisema.

– Nitakuwapo. Nitamwambia mwenyewe.

Vaya alishika vizuri mfuko wa hospitali. Hakusema asante, wala hakukuwa na sababu ya kusema.

– Basi ukija, njoo na chupa ya maji, alisema. Ya pale hospitali yanamshinda.

Akageuka, akarudi kituoni kungoja basi.