Kofi la Mke wa Nuhu

Kijiwe cha kahawa pale Katonga, nyuma ya vichanja vya dagaa, hakikosi kesi. Asubuhi hiyo kesi ilikuwa ya Wilfred, fundi mitumbwi, ambaye kila mwaka ndiye Nuhu katika igizo la parokia; wenzake wanamwita Safina. Mwaka huu kafuta kipande ambapo mke wa Nuhu anagoma kupanda na kumzaba mumewe kofi. Eti analinda heshima ya Maandiko. Ukweli, kachoka kuchekwa na mwalo mzima wa wavuvi, na Agnesi, muuza samaki wa migebuka anayeigiza huyo mke, ana mkono mzito. Igizo ni keshokutwa, na Agnesi hajaambiwa.

— Profesa, wewe umesoma, akasema Wilfred. Nitetee.

Profesa ni Mwalimu Pastory, anayesomea michezo ya dini ya Uingereza ya kale.

— Kule mafundi mashua waliigiza Nuhu akijenga, wavuvi wakaigiza gharika. Na mke aligoma, tena alipiga!

— Tangu mwanzo?

— Wasomi wanabishana mpaka leo. Wanachungulia miandiko ya vitabu vya kale. Wapo wanaosema vipande vingine viliongezwa baadaye.

— Si ndiyo hayo! Viliongezwa!

— Subiri. Dini ilipobadilika kule, Uprotestanti ukaingia, wakubwa wakaanza kurekebisha. Bikira Maria akapunguzwa. Wakafuta wee, mwisho michezo yenyewe ikapigwa marufuku.

Kahawa ikampalia Wilfred.

— Kofi waliongeza wavuvi, akadakia Heritier, mvuvi wa dagaa. Mafundi waliwauzia mashua zinazovuja. Mchimba kisima huingia mwenyewe!

— Wapi! akasema Mzee Amuri, mwenye birika. Mama wa watu alikuwa kaanika dagaa. Mvua hiyo inakuja, utaziacha? Haba na haba hujaza kibaba.

— Basi hizi tunazovua ndizo alizoziacha, Heritier akaapa. Gharika ilizifufua!

Wakiwa bado wanacheka, Agnesi akatokea na ndoo yake kichwani.

— Shikamoo Mzee Amuri.

— Marahaba, mwanangu.

— Nasikia mnamfuta mtu. Nina swali dogo tu. Huyo mke wa Nuhu jina lake nani?

Heritier akamtazama Profesa. Profesa akakitazama kikombe. Mzee Amuri akainamisha birika. Yakatoka machicha matupu. Wilfred, mume wa huyo mama igizoni miaka yote hiyo, hakuwahi hata kujiuliza. Aibu ikamshika kwelikweli.

— Haya, kipande kinarudi, akasema. Lakini kofi moja tu, Agnesi.

— Mawili. Moja langu, moja lake.