Pilipili za Mzee Mwasho na Hoho za Mdogo Wake

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemzika leo wengi mlimwita Mzee Mwasho, naye aliitika bila kinyongo. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kifungua mimba wa mama mkulima wa mboga na baba fundi cherehani, akafuatiwa na mdogo wake mmoja tu, ambaye tuko naye hapa, amekaa kule nyuma.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1966, akajifunza ufundi wa mashine za kusaga, akafunga ndoa tarehe 2 Agosti 1975, na Mungu akamjalia watoto wanne. Mwaka 1984 aliacha mashine za watu, akaanza kulima pilipili kali kupindukia, akizianika, akizisaga na kuzitia kwenye chupa, kitambaa puani na mafuta ya kupikia mikononi, na siku ya kusaga majirani walifunga madirisha, wakapiga chafya, wakamtania kwamba mtaa mzima hauna mbu kwa sababu yake.

Ng'ambo ya uzio mdogo wake alilima pilipili hoho, zile tamu zisizowasha, kwa mbegu waliyoachiwa na mama yao, akiitunza msimu hadi msimu. Nyuki wakavusha chavua ya pilipili kali, na mwaka 2003 hoho zilizoota kwa mbegu ile zikawasha, wateja wakazirudisha. Mdogo akaja na kikapu, akasema, "Kaka, mbegu ya mama imekufa. Hamishia pilipili zako bondeni." Marehemu, mbele ya vibarua, akamjibu, "Nyuki si wangu, mdogo wangu. Kashitaki mzingani." Watu walicheka sana. Ulimi hauna mfupa, na kicheko kile kilimgharimu marehemu ndugu yake. Uchungu wake aliuonja mapema, ila hakupata pa kuutemea.

Mwaka 2019 alisafiri kwa mama yao mdogo, aliyekuwa bado na mbegu ileile, akaipanda bondeni chini ya chandarua ili nyuki wasiifikie, akionja tunda moja moja hadi akaridhika, kisha akamtuma binti yake na bahasha ya mbegu. Mdogo hakuipokea. Alisema, "Mwambie alete mwenyewe, njia anaijua." Marehemu akasema kesho, na kesho ikazaa kesho, ingawa lango la mdogo wake lilionekana kutoka dirishani kwake.

Aprili 2023 kifua kilianza kumbana, akalazwa mara kadhaa, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, alifariki dunia, bahasha ikiwa bado kwenye mfuko wa koti lililotundikwa nyuma ya mlango.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, vibarua wake wa shambani, na majirani waliovumilia chafya zile miaka yote. Tunamshukuru pia baba mdogo, aliyeng'oa uzio jana ili jeneza lipite, maana njia fupi ya makaburini inakatiza shambani kwake. Njia marehemu aliijua, na leo ataipita, ila kwa kubebwa, na mikono mitupu.

Pumzika, Mzee Mwasho, kwa amani uliyoitafuta ukachelewa.