Miaka Thelathini na Mmoja ya Bi Subiri, Dirisha la Uhamisho

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, Bi Subiri atagonga muhuri wake wa mwisho na kustaafu, baada ya kuitumikia kampuni yetu kwa miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Miaka ishirini na sita kati ya hiyo ameketi dirisha namba nne, linalohamisha akiba za elimu za watoto kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Waajiriwa wapya hudhani jengo hili lilianza na yeye, kisha kuta zikafuata. Hawajakosea sana.

Alianzia ghorofani, chumba cha mafaili, enzi za mafaili ya kufungwa kwa kamba na taipureta nne zikilia kwa pamoja. Wakongwe husimulia kwamba chai ya saa nne ilitoka kwenye birika moja kubwa, na mmiminaji alikuwa yeye, kwa kuwa mkono wake haukumwaga hata tone. Aliposhushwa dirishani, kwenye fomu alikuwa mwepesi zaidi. Kurasa tatu alizimaliza kabla mzazi hajavuta kiti akakaa vizuri. Siku hizo hakuna aliyemwita Subiri. Aliitwa Umeme, na jina lilimkaa.

Mimi wakati huo nilikuwa upande wa pili, katika kampuni ya washindani wetu, nikipokea akiba zilizohamishwa. Kwa miaka minane nilimfahamu kwa sauti ya simu na mwandiko wake tu, ule wa kulalia kushoto. Nilimpenda kabla sijamwona, na sioni haya kusema.

Kwa msomaji asiyeketi madirishani, kazi yenyewe ni hii. Mzazi anaweka akiba ya mtoto kila mwezi, na akifikisha miaka kumi mfululizo anapata nyongeza kubwa ya ada ya chuo. Akiba ikihamishwa moja kwa moja, kampuni kwa kampuni, miaka yake inaendelea kuhesabiwa. Lakini ikifungwa, mzazi akapewa fedha mkononi, miaka yote inakufa na mtoto anaanza tena na mwezi wa kwanza.

Miaka kumi na minne iliyopita alikuja mama mmoja, fundi cherehani, mwenye binti wa miaka tisa na akiba ya miaka tisa. Baba wa mtoto alikwisha fariki. Mama alikuwa amehamishia kibanda chake cha kushonea karibu na ofisi ya kampuni yangu ya wakati ule, akataka akiba imfuate ili aokoe nauli. Foleni ilikuwa ndefu. Umeme akamjazia fomu, mama akatia sahihi bila kusoma, maana alimwamini. Kwenye fomu za zamani visanduku vya kuhamisha na kufunga vilikaa kimoja juu ya kingine. Alama ya vema iliangukia cha chini.

Siku ya kumi na mbili nilimpigia kumuuliza mbona mzigo haujafika. Nilimsikia akifungua nakala. Kisha akanisomea alama ilipoangukia: kufunga. Hundi ilikwisha tumwa kwa mama. Utaratibu ulisema kufunga kunaweza kutenguliwa iwapo hundi itarudishwa ndani ya siku kumi na nne, ikiwa haijapelekwa benki. Zilibaki siku mbili.

Alikwenda kwanza kwa meneja akaeleza kosa lake, kisha akaenda kibandani kwa miguu, mchana wa jua kali. Mama alikuwa na furaha. Alidhani hundi ndiyo uhamisho wenyewe, kwamba ataipeleka benki, alipe akiba kwenye kampuni mpya, na kiasi kidogo kitabaki cha kununulia cherehani ya pili, ambayo muuzaji alikwisha mwekea pembeni. Bi Subiri hakuzunguka mbuyu. Alisema, "Nimekosea mimi, dada. Si fomu, ni mkono wangu. Ukiipeleka benki kesho, miaka tisa ya mtoto imekufa."

Mama alimaliza kupinda pindo la sketi iliyokuwa mashineni, akakata uzi, ndipo akauliza kama mwenzake atafukuzwa kazi kwa jambo hili. Bi Subiri akamjibu kwamba hajui, lakini mkubwa wake ameshaambiwa. Mama akafungua kopo la vifungo, akaitoa hundi, akamkabidhi. Cherehani ya pili ilisubiri miaka mitatu. Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga, ila haya yalizoleka, kwa sababu mtu mmoja alikimbia nayo mapema na mwingine akakubali kupoteza.

Akiba ilifika kwangu siku ya kumi na nne, saa tisa alasiri, na miaka yake tisa kamili. Bi Subiri alipata barua ya onyo na kucheleweshwa cheo. Wengi wetu barua ya namna hiyo tungeificha chini ya kitanda. Yeye aliilaza chini ya kioo cha meza, na tangu hapo kila mwajiriwa mpya husomeshwa barua hiyo siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi.

Umeme ulizimika. Kila mzazi aliyeshika kalamu aliambiwa, "Subiri kwanza, nisomee kwa sauti." Tulinung'unika sana. Foleni ilifika mlangoni, na babu mmoja aliwahi kusoma fomu yote kwa mahadhi ya mhubiri hadi watu wakaitikia amina. Lakini ni yeye aliyepigania fomu mbili tofauti, ya kijani ya kuhamisha na nyeupe ya kufunga, na tangu zianze kutumika hakuna mtoto aliyepoteza hata mwezi mmoja katika dirisha lake.

Kila Januari alinipigia. Kwa kuwa siri ya mteja ni siri, hakuuliza kiasi wala jina. Aliuliza tu, "Lile faili halijambo?" Nami nilijibu kwamba halijambo. Nilipohamia kampuni hii, nilimwachia aliyerithi kiti changu kule funguo za kabati na jibu hilo.

Wiki tatu zilizopita yule mama aliingia, akachukua namba, akakaa kwenye foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika, Bi Subiri akamuuliza anahamisha nini.

"Sihamishi kitu, dada," akasema. "Nimekuja kukwambia lile faili limefungwa. Mtoto amemaliza chuo, ni mpima ardhi. Hakuna tena cha kulipia."

Bi Subiri alifungia muhuri wake kwenye droo. Akatoka, akazunguka kioo, akaketi na mama yule kwenye benchi la wateja, akalia bila kujificha. Walikaa hapo nusu saa nzima. Nyuma yao walikuwepo watu saba wenye namba mkononi, na hakuna aliyekohoa.

Dada yetu, nenda ukapumzike, mwili ukiwa na afya na nyumba ikiwa na vicheko, siku nyingi na njema. Tunakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja. Tunakushukuru zaidi kwa mchana ule mmoja wa jua kali, ulipokwenda kwa miguu kusema umekosea.