Nyimbo za Kumfunga Hezekiah Mdomo

Ingieni ndani wote, na wewe Nelvine usisimame mlangoni na mtoto mgongoni kama mtu aliyekuja kuomba moto, kwa sababu mengi nitakayosema leo ni yako. Aron, fungua hilo dirisha nione majani chai. Akeyo dada yangu, kaa hapa karibu na miguu yangu. Wewe si wa ukoo huu, lakini umechuma chai pamoja nami tangu tulipokuwa wasichana wa kibarua katika shamba kubwa la Wazungu, na leo nakutaka uwe shahidi. Sitarudia maneno. Pumzi niliyobaki nayo ni kidogo na sitaki kuimaliza kwa salamu.

Vitu vya nyumba havina shida. Ng'ombe mwekundu ni wa Aron, na ndama wake apewe Nelvine ili watoto wasikose maziwa. Vibuyu vya maziwa gawaneni, ila kile chenye shanga msimpe mtu yeyote wa nyumba ya Hezekiah, hata akija kukiomba mkewe, hata akilia. Kikapu changu cha kuchumia apewe Akeyo, ambaye anakitaka siku nyingi na anaona haya kusema. Usicheke Akeyo, nimekuona ukikitazama.

La shamba ndilo nililowaitia. Shamba la mtoni, kutoka kwenye mikaratusi mpaka majini, pamoja na chai yote iliyomo, ni la Nelvine na watoto wake. Aron ana hili la hapa nyumbani, tumezungumza naye, ameridhika. Lakini mnajua baba yenu mdogo, Hezekiah, anasema msichana aliyezalia nyumbani hana shamba. Amelisema kanisani, na amelisema kwenye kituo cha kuuzia majani mbele ya wanawake waliokuwa wakingoja mizani, na Nelvine akarudi nyumbani na kikapu chake bila kupima. Anangoja nife tu. Kwa hiyo sikilizeni vizuri jinsi alivyotuibia mara ya kwanza, ndipo mtajua jinsi ya kumzuia mara ya pili.

Baba yenu Kiptum tulimzika mwaka ule wa njaa kubwa. Aron ulikuwa shuleni bado, Nelvine ulikuwa umeshika sketi yangu. Mnajua hapa kwetu anayeanzisha wimbo kaburini ndiye mwenye siku. Yeye ndiye anayeamua watu wanyamaze saa ngapi na nani aseme. Hezekiah ana sauti nzuri, sikatai. Ukiisikia sauti ile unaweza kusahau jina la mama yako. Akaanzisha ule wimbo wake wa kuvuka mto, akafumba macho, akainua mkono wa kushoto, na watu wakasema Roho ameshuka. Wakaimba ubeti wa kwanza, wakaimba wa pili, kila mtu analia. Halafu kabla ya ubeti wa tatu akanyamaza kidogo tu, muda wa kumeza mate, akasema, "Ndugu yangu kabla hajafa aliniambia nimtunzie shamba la juu." Na hapo hapo akainua ubeti wa tatu, na watu wote wakaingia nyuma yake.

Mimi nilifungua mdomo. Nani atakatiza wimbo wa Mungu mbele ya kaburi la mume wake? Sauti yangu ilizama katika sauti zao. Nilipokwenda kwa chifu baada ya matanga, chifu akaniuliza, "Mama, yalisemwa mbele ya watu?" Nikasema ndiyo. "Kuna mtu aliyekataa?" Nikasema walikuwa wanaimba. Akaniambia basi yamekwisha, nenda nyumbani ukatunze watoto. Baba yenu hakusema neno lile kamwe. Nililala naye chumba kimoja mpaka asubuhi aliyokufa, na shamba la juu alikuwa amelipanda chai kwa mikono yake, mche kwa mche, huku Hezekiah akizunguka Kedowa na kwaya yake.

Sasa atakuja kunizika na mimi. Atavaa lile koti jeusi, atafumba macho, na shamba la mtoni litaondoka kati ya ubeti wa pili na wa tatu. Ndiyo maana nimekaa kitandani hapa nikipanga nyimbo kwa makini kuliko nilivyopanga hata arusi yangu, na ninataka zifuatane kama nitakavyosema, bila nafasi katikati ya kuingiza hata kikohozi.

Mwili wangu ukitolewa nyumbani, kabla mtu hajakohoa, wanawake waanze wimbo wa zamani wa kumpokea mtoto, ule waliouimba mama zetu mlangoni wakati mtoto amezaliwa. Najua si wimbo wa matanga. Watu watashangaa, wacha washangae. Huo ni wimbo wa wanawake tangu zamani na mwanamume akiuimba anachekwa mpaka azeeke, kwa hiyo Hezekiah hataweza kuugusa. Uzuri wake ni kwamba hauna mwisho. Ukimaliza kumtaja mtoto unataja mama, ukimaliza mama unataja nyanya, na mimi nina nyanya wengi. Uimbeni mpaka kaburini.

Pale kaburini atataka kuinua wimbo wake wa mto. Mwacheni asogee mbele, mpeni hata kiti cha mbele na mumshike mkono vizuri, nataka akae mahali ambapo hawezi kuondoka bila kuonekana. Akifungua tu mdomo, Akeyo, wewe uanze wimbo huo huo wake, lakini kwa Kijaluo, na Phelix mtoto wako apige gitaa lake kwa ule mwendo wenu wa haraka unaochelewa kidogo halafu unaruka. Nimewasikia mkiuimba hivyo jikoni kwako. Ni wimbo ule ule lakini umevalishwa nguo nyingine. Hezekiah atajaribu kuingia, maana hawezi kuvumilia kusikia wimbo wake bila yeye, na ataingia mahali pabaya, na watu watageuka kumtazama. Nimelala hapa nikiifikiria hiyo sauti yake nzuri ikijikwaa mbele ya watu wa hapa Roret, na imenisaidia kuliko dawa.

Unasema nini, Aron? Kwamba itakuwa aibu kwa ukoo? Aibu ilifika zamani, mwanangu, tukaipa kiti na chai. Mchungaji naye alikuja akaniomba nisamehe kabla ya safari. Nikamwambia nimemsamehe Hezekiah mbuzi wake waliokula mahindi yangu, nimemsamehe hata kumwita binti yangu majina, ila hili la kaburini bado. Akaniuliza litasamehewa lini. Nikamwambia siku atakaposimama mbele ya watu na kulirudisha shamba kwa sauti ile ile aliyolichukulia. Mchungaji akatazama viatu vyake, akaomba maji ya kunywa.

Baada ya hapo ni wimbo wa huzuni, na huo ni wa Phelix peke yake. Phelix ana kaseti ya watu weusi wa Amerika waliokuwa wakichuma pamba kama sisi tunavyochuma chai, na anasema nyimbo zao zinaitwa bluzi. Siku ile nilipougua kwenu aliniwekea nikasikiliza. Sikuelewa maneno, lakini nilielewa. Mtu mmoja na gitaa moja, anasema ubaya aliotendewa, anaurudia vile vile kana kwamba hukusikia, halafu anaumalizia. Haombi msamaha, hamwombi Mungu kitu, wala hangoji watu waitikie. Nikamwambia Phelix, nitengenezee wa kwangu kwa Kiswahili, ili Mkipsigis mwenzangu asikie na Mjaluo asikie na chifu akiwepo asikie. Tukautengeneza pamoja, mimi nasema yeye anapiga:

Ulisimama kaburini, shemeji, ukaimba umefumba macho,
nasema ulisimama kaburini, shemeji, ukaimba umefumba macho,
nilipofuta machozi yangu, shamba langu lilikuwa limekwenda zake.

Ipo mistari mingine, yeye anaijua. Mtu akijaribu kuitikia, Phelix aendelee. Katika wimbo wa namna hiyo hakuna mahali pa mtu wa pili.

Na Phelix akimaliza, pasipite hata pumzi moja, Nelvine uanze wimbo wako mpya. Usiangalie chini. Nimekusikia ukiuimba mtoni ukidhani ni mtoto tu anayesikia, wimbo huo wa umande kwenye majani. Hakuna mtu aliyewahi kuusikia isipokuwa mimi, na kwa hiyo hakuna mtu anayejua unakwenda wapi. Kila atakayetaka kuimba itabidi akufuate wewe. Imba ubeti wa kwanza. Imba wa pili. Halafu unyamaze muda wa kumeza mate, na Aron useme kwa sauti yako ya kuita ng'ombe, "Shamba la mtoni ni la Nelvine na watoto wake, mama amesema. Shamba la juu liliibwa hapa hapa." Basi. Usieleze, usimtazame mtu. Na wewe Nelvine uinue ubeti wa tatu na watu wote waingie nyuma yako, na Hezekiah afungue mdomo aone kunakuwaje humo ndani ya wimbo. Akienda kwa chifu ataulizwa yalisemwa mbele ya watu, ataulizwa nani alikataa.

Kitu kimoja tu kinaniuma. Sitauona uso wake. Nimeongoza kila kitu, na mimi ndiye nitakuwa sandukuni.

Nipe maji, Akeyo. Kidogo. Basi.

Sogeeni niwawekee mkono. Aron, uwe na watoto wanaokusikiliza na ng'ombe wasiougua, na usimwinulie mkeo mkono. Nelvine, mikono yako isichoke mpaka kikapu kijae, na mtu asikuulize tena kwenye mizani wewe ni wa nani. Akeyo, Mungu akupe kulala kwako bila kuogopa hodi ya mtu, hapa au kwenu ziwani. Mpendane hata mkikasirikiana. Ndiyo. Imetosha hivyo, nimechoka kuliko nilivyodhani.

Nini? Mbwa anabweka. Nani yuko kwenye lango la ng'ombe?

Kumbe ni yeye. Nimemsikia, anapasha sauti moto. Amekuja kuniombea. Amebeba Biblia na amevaa lile koti, sivyo? Na wazee wawili nyuma yake, wa kushuhudia kwamba alikuja. Na wanawake wanaotoka kituoni wamesimama kuangalia. Wengi?

Basi msifunge mlango. Aron, acha kunitazama hivyo, bado nina akili zangu. Niinueni niegemee ukuta. Juu kidogo. Mleteeni kiti, akae hapo kwenye mwanga... hapo, nimwone. Waambieni wale wanawake waingie pia, wajae mpaka mlangoni. Karibu, shemeji. Keti. Hapana, usianze wewe. Leo nyumba hii ina mwimbaji wake.

Nelvine. Ule wa umande.

Sauti zaidi, mama. Hawajakusikia kule nyuma.

Hivyo. Ndiyo hivyo.

Akeyo... nishike. Anafungua mdomo, unamwona? Hajui unakwenda wapi.

Huo ni ubeti wa pili... unaisha. Aron. Mwanangu. Msingoje nife.

Sasa.