Mzee Salesio Njagi na Mwamba wa Chini

Wapendwa waombolezaji, familia imemtuma Mithika, shemeji wa marehemu, asome maisha haya, naye ameonywa asipunguze neno, hasa pale anapotajwa yeye mwenyewe.

Mzee Salesio Njagi alizaliwa tarehe 14 Aprili 1948 huko Karurumo, Embu, mwana wa tatu wa Mzee Mbaka na Mama Mukami, akasoma huko huko, akamaliza kidato cha nne mwaka 1967, na mwezi Februari 1971 akaajiriwa kutunza kituo cha mitetemo hapa Kangeta, kazi yake ikiwa kubadilisha kila asubuhi karatasi ambayo mashine huchora kila mtikisiko wa ardhi, na kuzunguka akiuliza ni jirani gani anayetwanga na kuitikisa.

Mashine hiyo ilisikiliza matetemeko ya mbali, kwa kuwa wimbi la tetemeko hupenya hadi kwenye mwamba wa chini kabisa, unaozunguka kiini cha dunia, ambako hakuna atakayefika kuchimba, na kwa kasi yake wataalamu hukisia mwamba huo ni wa aina gani, jinsi mfugaji wa nyuki anavyogonga mzinga akajua kama una asali.

Tarehe 7 Desemba 1974 alifunga ndoa na Karwirwa, dada yake msomaji, na akina mama wa Igembe walipoanza kucheza, bwana harusi alitoweka, akapatikana kituoni akitazama jinsi karatasi ilivyowaandika, akasema wamecheza vizuri. Walijaliwa watoto wawili, Mukami na Mbaka.

Mwaka 1979 aliwaandikia maprofesa wa Nairobi kwamba chini ya Nyambene kuna kitu kinachotikisika kila siku saa saba mchana, wakaja wawili, wakapiga hema, na saa saba ilipofika wakaona pikapu za miraa kutoka Laare zikipita mbio kuiwahi ndege ya mizigo Nairobi. Walicheka sana, lakini barua yao iliyofuata haikuwa na kicheko: kituo kingefungwa mwezi Desemba kwa sababu ya kelele za magari. Marehemu hakula siku mbili, maana watu walishaanza kumwita Profesa wa Pikapu, naye aliamini kwa moyo wote kwamba hapa panasikika vizuri. Alikwenda sokoni kuwasihi madereva wapunguze mwendo, na mmoja wao, ambaye ndiye anayesoma karatasi hii, akamjibu, "Shemeji, miraa haingojangi. Ikinyauka, ni wewe utaikula?"

Basi alikaa kando ya barabara miezi minne akiandika kila gari na dakika yake na kulinganisha na karatasi ya mashine, hadi akaijua alama ya kila moja, akamwambia Mithika springi yake ya nyuma imevunjika kabla mwenyewe hajajua. Tarehe 22 Novemba bahari ya Indonesia ilitetemeka, wimbi likapita kule chini na kufika Kangeta baada ya dakika kumi na tatu, saa saba ile ile pikapu zikipita. Njagi alichukua penseli akaziondoa alama za pikapu moja moja, na kilichobaki ni wimbi safi, lililochelewa sekunde mbili kuliko ilivyotarajiwa. Nairobi walilinganisha na vituo vingine, wakakubali kwamba njiani palikuwa na mwamba tofauti, pengine wenye chuma zaidi, na kituo kikaachwa kiendelee na kazi. Marehemu alilia siku hiyo, na shemeji yake alimwona, akaona haya.

Alistaafu mwaka 2008 ila hakurudisha ufunguo. Alianza kuugua kisukari mwaka 2015, akatutoka tarehe 3 Machi 2019, saa nne asubuhi, katika hospitali moja mjini Meru.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, na majirani waliotwanga kwa ratiba yake miaka hiyo yote.

Marehemu aliacha barua akiomba udongo wa kaburi uwekwe taratibu, usishindiliwe, kwa kuwa mashine bado inafanya kazi. Karwirwa ameisoma, ameikunja, na ameamua ushindiliwe kwa nguvu, kila mtu akanyage, ili leo karatasi imwandike Mzee mwenyewe.

Ulale salama, Mzee Salesio.