Lenah Akoth, Mwalimu wa Ugali wa Wimbi

Baada ya miaka ishirini na minane katika kliniki yetu ya Laini Saba, afisa wetu wa lishe, Lenah Akoth, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Machi. Mimi Nyawira, muuguzi mwenzake, nimeombwa niandike kitu cha kuchangamsha. Nitajaribu, ingawa moyo wenyewe umekataa.

Lenah alitujia kutoka Siaya na ulimi wake mkali. Enzi hizo, kumwambia mtu wa Kibera aache ugali mweupe ilikuwa kama kumtukania mama. Ugali wa wimbi ulikuwa chakula cha ushago, cha watu wa kijijini, na mgeni akija unafichwa. Lenah hakubishana na mtu. Kila Alhamisi aliwakusanya wagonjwa wa sukari uani, akasonga wimbi lisilokobolewa, akampa kila mmoja kipande cha ukubwa wa ngumi, kisha akajaza sahani kwa mboga za osuga na dagaa wa omena. Alisema wimbi zima hupandisha sukari polepole kuliko sembe, mradi usile mlima. Wanaume waliponung'unika kwamba hiyo ni ngumi ya mtoto, aliwaambia warudi wakale kwa mama zao.

Walicheka, na wakamsikia. Hata Naftaly, landlord wa Kawangware mwenye kitambi cha heshima, hakukosa Alhamisi hata moja. Sukari yake ilishuka, naye akawahubiria wapangaji wake wote habari za wimbi.

Shida ni kwamba Lenah alisikika kupita kiasi. Wachuuzi kando ya reli walianza kuuza uji wa wimbi uliosagwa laini kama poda na kukolezwa asali, ati unaponya sukari. Unaponya nini, jamani! Uji wa aina hiyo huipandisha mbio. Naftaly aliuamini. Alikunywa jagi zima kila asubuhi, vidonge akavitupilia mbali, huku akimsifu Lenah kila kona. Mwaka jana alikatwa mguu, na Januari tukamzika. Mazishini, mjane wake, Wangoi, alisimama mbele ya umati akamshukuru Lenah kwa uji uliompa mumewe nguvu hadi siku ya mwisho.

Tangu siku hiyo Lenah si yule tuliyemjua. Alirudia hadi sauti ikakauka: wimbi ni chakula, si dawa, vidonge mezeni. Alhamisi iliyopita, katika somo lake la mwisho, aliuliza nani bado anameza dawa. Mikono iliyoinuka ilikuwa michache mno. Wengine walimjibu kwa upendo kabisa, madam, hizo ni za nini tena na ulishatupa wimbi? Aliketi kwenye benchi akalia. Wao walidhani analia kwa sababu ya kuagana, wakamwimbia na kumpigia makofi.

Nafasi yake haitajazwa. Tumeambiwa pesa hakuna, na mimi sina ulimi wake wala subira yake. Uani kutafungwa.

Asante, Lenah, kwa kila sahani na kila kelele uliyotupigia. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na siku za raha huko Siaya. Ukipiga simu kutusalimia, tafadhali usituulize wagonjwa wako wanaendeleaje.